Diski ya akiba isiwe bosi wa seva

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo nimekuja na hasira, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Kuna duka moja la agroveti hapa Nakuru ambalo niliwawekea seva ya Linux ya mauzo na stoo. Mwisho wa Machi, mvua ikianza, wakulima wa Njoro, Bahati na Subukia wote wanataka mbegu na mbolea siku moja. Stima zikapotea siku hiyo hiyo. Wakawasha jenereta, seva ikaanza kuwaka, ikakwama. Karani akaizima na kuiwasha tena. Ikakwama. Mwenye duka akanipigia: "Kijana, hii mashine yako imechoka. Ninunue ingine?" Foleni ilikuwa imefika nje na risiti zinaandikwa kwa mkono.

Mashine ilikuwa nzima. Nyuma yake kulikuwa na diski ya nje ya nakala za akiba, ile kubwa yenye adapta yake. Adapta ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani ambayo jenereta haiifikii. Kebo ya USB iko mahali pake, lakini diski imelala. Nami nilikuwa nimeiandika kwenye /etc/fstab kwa neno moja la uvivu: defaults. Kwa systemd, hiyo ina maana kwamba diski ni ya lazima. Inaisubiri sekunde 90, ikiikosa inakutupa kwenye hali ya dharura na kudai nenosiri la msimamizi. Karani hana nenosiri hilo, na sitaki awe nalo.

Dalili zilikuwepo. Walikuwa wakilalamika kwamba seva inachelewa kuwaka asubuhi, nami nikiwajibu waongeze RAM (aibu hiyo!). Ningeandika systemd-analyze critical-chain ningeona mara moja ni nani anashikilia foleni.

Dawa ni mstari mmoja:

UUID=... /akiba ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Ukiweka nofail, seva inaendelea kuwaka bila kuingoja diski. Lakini tahadhari: diski isipokuwepo, /akiba inabaki folda tupu ndani ya diski ya seva yenyewe, na skripti yako itaijaza usiku kucha huku ukidhani una nakala salama. Kwa hiyo skripti ianze na mountpoint -q /akiba, na ikishindwa itume ujumbe kwa mtu.

Wapo wenzangu wanaosema ni heri seva igome kuliko ifanye kazi bila akiba. Kwa diski yenye hifadhidata nakubaliana nao kabisa. Kwa diski ya akiba, hapana. Mkulima aliyetoka Subukia na matatu hawezi kurudi bila mbegu kwa sababu kopi ya jana haikupata pa kukaa. Na kukatika kwa stima huku si ajali ya nadra: mwaka 2023 pekee, tarehe 25 Agosti na tena 10 Desemba, giza lilikumba sehemu kubwa ya nchi. Anayeandika fstab Kenya aiandike akijua hilo.

Adapta sasa iko kwenye ekstensheni moja na seva. Mzee bado haamini kwamba shida ilikuwa neno moja. Ameshaniuliza bei ya mashine mpya mara mbili.