Anayewaimbia Watoto Naye ni Malenga

Yapo maneno yanayorudiwa kila washairi wanapokutana barazani: vijana wa leo hawajui vina, hawajui mizani, na lugha yao imechuja. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini walalamikaji haohao, akitajwa mtu aliyeamua kuishi kwa kuwaimbia watoto, hucheka. Humwita mchezaji, au msanii aliyeshindwa katika jukwaa la wakubwa. Hapo ndipo wanapojipinga wenyewe. Sikio la mtoto halifunzwi mizani na vitabu vya arudhi. Hufunzwa na nyimbo za kubembelezewa na za kupokezana uwanjani, kabla mkono haujajua kushika kalamu.

Mjadala huu usiishie Unguja na Pemba. Itazamwe kata ya Kasekese, wilayani Tanganyika, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mkoa huo ni makazi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Katika mkoa wa namna hiyo watoto huja shuleni na lugha mbalimbali za nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mwimbaji anayewapa wimbo wa kuhesabu au wa kunawa mikono hufanya kazi ya mwalimu na ya malenga kwa pamoja. Mwambao unaojivunia kuenea kwa Kiswahili unafaidika na jasho lake, wala haumtambui.

Wapinzani husema kuwaimbia watoto ni sadaka, si ajira, kwani watoto hawana fedha. Ni kweli hawana. Mtoto hana fedha ya daftari pia, lakini hakuna asemaye mchapaji wa madaftari afanye kazi bure. Walipe wanaofaidika: wazazi, shule, halmashauri na redio. Kwamba kazi hii yawezekana, ushahidi upo. Kipindi cha Ubongo Kids kilianza kurushwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, na nyimbo zake za hesabu na sayansi zimevuka mipaka ya Tanzania. Kinachomtenga kijana wa Kasekese na mafanikio hayo si lazima kiwe kipaji. Ni studio, mkataba na mtu wa kugharimia.

Wengine humshauri apeleke nyimbo zake YouTube, angoje riziki. Ushauri huo ni mwepesi mno. Mwaka 2019, nchini Marekani, Google ilikubali kulipa dola milioni 170 kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Tangu Januari 2020 video za watoto haziwekewi matangazo yanayomfuata mtazamaji binafsi. Ulinzi huo ni wa haki, lakini umepunguza pato la wanaowatungia watoto. Asiye na chanzo kingine atalala njaa.

Mwimbaji naye ana wajibu wake. Nyimbo za jadi ni urithi wa wote, na anayezirudia tu hawezi kudai kuwa mtunzi wake. Atunge zake, azisajili COSOTA, na aandikiane mkataba na shule kabla ya kupanda jukwaani. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, wala haibagui wimbo kwa umri wa msikilizaji.

Unguja hasa haina udhuru. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliuza vyungu na kubezwa kwa unyonge wa asili yake, kabla ya sauti yake kunaswa kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928. Baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na leo kila mtu humwita wake. Waliombeza hawakumbukwi hata kwa majina. Wanaomcheka mwimbaji wa watoto leo wachague mapema upande watakaosimama, na wakichagua kumsifu, waanze kwa kumlipa.