Washauri wa masomo wasiwe wa kutia sahihi tu





Tangu Kitivo cha Uhandisi kifunguliwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, Taifa limetumia fedha nyingi kupata wahandisi wake lenyewe, na vyuo vimeongezeka. Lakini kijana akifika mwaka wa kwanza hana wa kumwongoza.

Kwenye karatasi mtu huyo yupo, anaitwa mshauri wa masomo. Vijana watatu niliowafundisha darasa la saba, waliokwenda vyuo mbalimbali, wananiambia walionana naye mara moja kwa muhula, kutiliwa sahihi fomu. Mmoja alishindwa hisabati na mekanika, akanyamaza. Alipoitwa, ilikuwa kupewa barua ya kuondoka. Sasa yuko hapa kijijini, na mkopo wa Bodi anadaiwa vile vile.

Wako watakaosema mtu mzima hashikwi mkono. Sikubaliani nao. Mtoto wa kijijini husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, sekondari akageuziwa Kiingereza, na pengine maabara hakuiona. Chuoni anakaa ukumbi mmoja na umati wa wenzake. Huyu hatanyosha mkono kuuliza. Akikosa wa kumwuliza faraghani huanza kukwepa mihadhara, kisha hunakili kazi za wenzake. Tunamwita mvivu.

La kushangaza ni kwamba Bodi ya Usajili wa Wahandisi, tangu mwaka 2003, ina mpango wa miaka mitatu ambapo mhitimu hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu. Ni mpango mzuri sana, lakini humfikia yule aliyekwisha kufaulu! Anayezama hafikiwi.

Sisi wa vyuo vya ualimu tulifuatwa na wakufunzi hadi shule tulizopelekwa kwa mazoezi. Mkufunzi alikaa nyuma ya darasa, na kipindi kikiisha mnakaa kuzungumza makosa. Wanaosomea uhandisi nao hukaguliwa viwandani, ila mara nyingi na mhadhiri asiyewajua. Kwa nini asiende mshauri wao, aone kama kijana amepewa kazi ya kihandisi au anafagia karakana? Na kwa nini alama za majaribio ya kwanza zisimfikie mshauri huyo mapema, wiki kadhaa kabla ya mtihani?

Wahadhiri nao wana kazi nyingi, na vyeo vyao hutazamwa kwa maandishi ya utafiti. Basi wakuu wa vyuo wahesabu na kazi ya ushauri katika kupandisha vyeo, na kila mshauri apewe wanafunzi anaoweza kuwajua kwa majina.

Naiomba Wizara ya Elimu itujibu katika ukurasa huu: kila mwaka ni vijana wangapi wa uhandisi huondolewa vyuoni, na wangapi kati yao walikwisha kukaa na mshauri kabla ya barua ile?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Songea Vijijini.