Tulilipa Pesa Ili Tukae na Njaa



Tunaandika tukiwa wawili, mume na mke, na tunaandika na haya kidogo. Mwaka jana tulitoa faranga 60,000 ili tukae na njaa siku 14. Hakuna aliyetulazimisha. Ilikuwa pesa ya unga na maharage ya mwezi mzima, tukampa mtu tuliyemjua kwa simu tu. Kitu chenyewe kiliitwa detoksi, eti kusafisha mwili.

Ilianza hivi. Mume alikuwa anaumwa kichwa kila mara na anaamka amechoka. Mke alikuwa amezaa miezi nane iliyopita, na kila akipita watu wanamwambia amenenepa. Siku moja likapita tangazo katika kundi la WhatsApp: picha mbili za tumbo, moja kubwa, moja dogo, na maneno kwamba damu yetu imejaa sumu. Tukasoma tukaona kama wametuandika sisi. Mtu aliyetoka Uvira na begi moja, analala chumba kimoja na familia yote, anawaza kodi usiku kucha, ukimwambia kuna kitu kichafu ndani yake ndicho kinamchosha, atakuamini. Sumu inaweza kutolewa kwa siku 14. Maisha haya nani atayatoa?

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi, maji ya moto na ndimu. Saa sita, juisi ya tango na tangawizi. Jioni, supu ya karoti bila chumvi. Usiku, kikombe cha chai ya majani waliyotuuzia. Vilivyokatazwa: ugali, mchele, maharage, ndagala, mawese, chumvi, sukari. Yaani chakula chetu chote.

Tuseme ukweli: siku tatu za kwanza tulijisikia vizuri. Tumbo lilikuwa jepesi, na mume alipopanda mzani alikuta amepungua kilo 3. Tukajipiga picha, tukawatumia marafiki. Wawili wao wakaagiza. Hilo ndilo linatuuma mpaka leo kuliko zile faranga.

Siku ya sita mama mwenye nyumba akatuita. Mnajua Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili. Alikuwa ameona siku nyingi hatuwashi mbabula.

“Wanangu, Ramadhani bado. Mbona mnafunga? Na hata anayefunga, magharibi anafuturu.”

Tukamwonyesha ile chai. Akainusa, akacheka.

“Hii si sanamaki? Sisi tunampa mtu aliyefunga choo, siku moja, basi. Nyinyi mnakunywa wiki mbili?”

Hapo tungeacha. Hatukuacha, juu pesa ilikuwa imeshatoka. Siku ya tisa mke alianguka kwenye foleni ya maji, bido mkononi. Na maziwa yake yalikuwa yamepungua tangu siku kadhaa. Mtoto alikuwa analia usiku, na sisi tulikuwa tunasema ni meno.

Kwenye kituo cha afya muganga hakutucheka. Alimpima mke, akakuta maji yamepungua mwilini na damu ni kidogo. Alimpima mume pia, akakuta tansio iko juu, na akamuuliza anapata usingizi wa saa ngapi. Kumbe kichwa kilikuwa na sababu zake. Tulipomweleza habari za sumu, aliuliza swali moja tu: “Jina la hiyo sumu waliwaambia?” Hawakutuambia. Tulimaliza siku tisa tukifukuza kitu ambacho hatujui hata kinaitwaje.

Zile kilo 3 zilikuwa maji. Sanamaki inasukuma utumbo mkubwa, na kinachotoka ni choo, maji na chumvi ambazo mwili unazihitaji. Damu haiguswi. Kusafisha damu kuna wafanyakazi wake, ini na figo. Figo za mtu mzima mwenye afya zinachuja karibu lita 180 kwa siku, kiisha zinarudisha karibu zote mwilini, na mkojo unaotoka ni lita moja au mbili. Kazi hiyo inafanyika tukiwa tumelala. Zinachotaka ni maji safi na chakula cha kutosha, vile vitu viwili ambavyo sisi tulivipunguza.

Sasa tuongee juu ya muhogo, maana hapo ndipo tulielewa vizuri. Muhogo mchungu una sumu ya kweli yenye jina: sianidi. Ndiyo maana mama zetu wanauloweka siku kadhaa, wanauanika juani, halafu wanausaga. Ndiyo maana sombe inatwangwa kwenye kinu na kuchemshwa muda mrefu. Kazi hiyo ikirukwa, mtu anaweza kuugua konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na hauponi. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938, huko Kwango katika Kongo yetu. Konzo inawapiga watu wanaokula muhogo ambao haukutayarishwa vizuri na ambao hawana protini ya kutosha, juu ini linatumia salfa iliyo ndani ya protini ili kuivunja sianidi. Protini hiyo sisi tunaipata wapi? Kwenye ndagala na maharage. Yaani waliotuuzia detoksi walitukataza chakula kilekile ambacho mwili unakitumia kutoa sumu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Detoksi tunayo tangu zamani, na inafanyika kabla chakula hakijafika mdomoni. Iko kwenye kuloweka, kutwanga, kuchemsha maji, kunawa mikono kwa sabuni. Mwezi wa 1 mwaka 2023 Burundi ilitangaza kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa kati ya sehemu zilizopigwa. Hatari hiyo haikutoka kwenye mawese. Ilipitia kwenye maji na mikono. Mtu akitaka kutusafisha, aanzie kwenye bomba letu.

Tena kuna aibu nyingine. Mwezi wa 3 mwaka 2025, PAM ilipokosa pesa, mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Burundi ulishuka hadi nusu. Wakati huo maelfu ya ndugu zetu walikuwa wamevuka Rusizi wakikimbia vita vya Kivu. Huko kwenye kambi watu wanapunguza sahani bila kupenda, na sisi wa mjini tunalipa ili tupunguze yetu! Tuko katika nchi ambayo uchunguzi wa afya wa 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 kwa 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mama anayenyonyesha katika nchi hiyo akiambiwa asile maharage, huo si ushauri wa afya hata kidogo.

Wengine watatuuliza: basi tule ovyo? Hapana. Kuna mambo tumeyabakisha. Soda imekuwa ya sikukuu. Kwenye chai sukari ni nusu ya ile ya zamani. Chumvi tumepunguza, juu ya tansio ya mume, na muganga anaifuatilia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vidonge vya kukoleza mchuzi. Linasema pia tule gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Hapa Buja hilo halihitaji pakiti kutoka mbali. Lengalenga ipo, embe zipo, avoka zipo, na ndimu ipo pia. Ndimu haikutukosea kitu. Tuiminye juu ya ndagala, itusaidie kupata chuma iliyomo kwenye maharage. Tusiifanye chakula cha asubuhi.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunaomba mambo mawili. La kwanza, mkija kutufundisha lishe, acheni zile picha za tufaa na maziwa ya pakiti. Leteni sufuria yetu: muhogo, sombe, maharage, ndagala, mawese. Tukisikia kila siku juu ya chakula ambacho hatuna, tunaanza kuamini kwamba tulichonacho ni kibaya, na hapo muuzaji anapata mlango. La pili, msione detoksi ni mchezo wa matajiri wa Instagram. Imeshafika kwenye vyumba vyetu. Ulizeni juu yake mnapopima akina mama na watoto, na muulize bila kucheka, kama yule muganga. Angetucheka, tungerudi kwa muuzaji.

Kwa nyinyi vijana, kabla hujatuma pesa, uliza kama alivyouliza muganga: hiyo sumu inaitwaje? Uliza pia ndani ya pakiti kuna majani gani. Ukiwa una mimba, unanyonyesha, au unakunywa dawa za kila siku, pita kwanza kwa muganga. Na uchovu usioisha mpelekee yeye. Unaweza kuwa malaria, damu chache, tansio, au mawazo ya yale tuliyoyaona njiani. Hayo yote yana msaada wake, na hakuna hata moja linaloponywa na juisi ya tango.

Jioni ya siku ya tisa mama mwenye nyumba alituletea sahani ya ugali na maharage, hakusema neno. Maziwa yalichukua siku chache kurudi.

Wale marafiki wawili tuliwapigia simu. Mmoja alikuwa ameshaacha, akatusamehe. Mwingine hajajibu mpaka leo. Kama unasoma hapa, ndugu yetu, tulikosea kukutumia ile picha. Kula.