Mapokeo Yaliyofundishwa na Santuri: Sauti ya Bendi ya Uncle Tupelo na Jina Ililopewa

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imezoeleka kumtambua fanani wa mapokeo kwa mahali alipozaliwa na kwa mtu aliyemfundisha. Aliyeupata wimbo kwa babu yake huhesabiwa kuwa mrithi. Aliyeupata katika kanda au sahani ya santuri huitwa mwigaji. Mgawanyo huu una urahisi wake darasani, lakini hauhimili ushahidi wa muziki wa karne ya 20, ambamo sehemu kubwa ya mapokeo imesafiri kwa njia ya sahani hizohizo. Makala haya yanaupima mgawanyo huo kwa mfano ulio mbali na Afrika Mashariki, yaani bendi ya Uncle Tupelo ya Marekani, iliyodumu tangu 1987 hadi 1994. Yanashikilia kwamba bendi hiyo ilikuwa ya mapokeo kwa jinsi ilivyoimba, nasaba ikiwa haina uzito wowote katika jambo hilo. Na kwamba jina la utanzu lililoipatia umaarufu lilitoka kwa wapokezi wake, likaja kuifunika nusu ya sauti yenyewe.

Uncle Tupelo ilizaliwa Belleville, mji wa jimbo la Illinois ulioko upande wa pili wa mto Mississippi ukitokea St. Louis. Mji huo ulikua kwa machimbo ya makaa ya mawe na viwanda, na vijana waliofikia utu uzima katika miaka ya 1980 waliyakuta yote mawili yakififia. Jay Farrar na Jeff Tweedy walikuwa waimbaji na watunzi, Farrar akipiga gitaa na Tweedy gitaa la besi. Mike Heidorn alipiga ngoma. Walikuwa wamefahamiana tangu shule ya sekondari, na kabla ya jina la Uncle Tupelo walipiga panki na roki ya gereji ya miaka ya 1960 katika kumbi ndogo za eneo lile. Hapana budi jambo hili lisisitizwe: hawakuwa watu wa milima ya Appalachia, ambayo hutajwa kama chimbuko la muziki wa kantri. Kilichowafikia kutoka kwenye milima hiyo kilipitia masikioni, kwa msaada wa sahani na redio.

Sauti yao inastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu wengi walioiandika wameridhika kusema kuwa ni mchanganyiko wa kantri na roki. Mchanganyiko wa aina hiyo ulikuwapo zamani. The Byrds waliufanya mwaka 1968, na The Flying Burrito Brothers wa Gram Parsons mwaka 1969, na katika kazi zao roki hulainishwa ili ikae vizuri na kantri, kama sukari inavyokaa na chai. Uncle Tupelo hawakulainisha kitu. Katika albamu yao ya kwanza, No Depression, iliyotolewa mwaka 1990 na kampuni ndogo ya Rockville, wimbo huweza kuanza kwa gitaa kavu na sauti ya mtu anayezungumza kwa uchovu, kisha ghafla gitaa la umeme likaingia kwa mngurumo, ngoma zikakimbia, zikasita katikati ya mwendo kana kwamba mashine imezimwa, halafu zikaanza upya. Mwendo huo wa kukimbia na kusita ulitokana na panki, hususan bendi ya Minutemen ya California, ambayo mpiga gitaa wake, D. Boon, alifariki mwaka 1985. Uncle Tupelo walimtungia wimbo wenye jina lake katika albamu ya pili, Still Feel Gone (1991). Watayarishaji wa albamu ya kwanza, Sean Slade na Paul Kolderie, waliirekodi Boston, na walikuwa wamezoea kufanya kazi na bendi za makelele. Kwa hiyo katika nyimbo nyingi za albamu ile kantri na panki hazikuchanganywa. Ziliwekwa bega kwa bega ndani ya wimbo mmoja, na msikilizaji akaachiwa kazi ya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Tofauti za sauti za waimbaji wawili ziliongeza mvutano huo. Farrar alikuwa na sauti nzito, ya kutulia, iliyosikika kuwa ya mtu mwenye umri mara mbili ya wake. Sauti ya Tweedy ilikuwa ya kijana, yenye mikwaruzo na haraka. Maudhui yao yalikuwa ya mahali pamoja: zamu za usiku, mkanda wa mitambo ya kiwandani, chupa ya pombe, kibaraza cha nyumba ya kawaida. Katika tungo hizo pombe haisifiwi wala haikemewi; ipo tu, kama ilivyokuwapo mjini.

Wimbo uliopatia albamu ya kwanza jina lake haukuwa wao. Ni wimbo wa dini, No Depression in Heaven, uliorekodiwa na familia ya Carter mwaka 1936, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, nao huitazama mbingu kama mahali ambapo mdororo haufiki. Neno la Kiingereza lililomo katika anwani hubeba maana mbili, ya kuanguka kwa uchumi na ya kuinamishwa kwa moyo, na vijana wa Belleville waliimba wakizibeba zote mbili. Jambo la ajabu ni kwamba hawakuukejeli. Bendi ya panki ya miaka ile ingetarajiwa kuuimba wimbo wa mbinguni kwa kuukebehi. Wao waliupiga kwa ala chache na kwa heshima, bila kujifanya walokole. Hapo ndipo mhakiki anapaswa kusimama na kujiuliza maana ya urithi, maana hata akina Carter hawakuwa wamerithi nyimbo zao zote kwa njia iliyonyooka. A. P. Carter alizunguka milimani akikusanya nyimbo kwa watu, na katika safari hizo alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mwamerika Mweusi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzikariri tuni wakati Carter akiandika maneno. Kinachoitwa leo chemchemi safi ya muziki wa Wazungu wa milimani kimepitia kumbukumbu ya mtu Mweusi ambaye jina lake halikuwekwa kwenye sahani.

Aidha, safari ya sahani hizo haikuishia Marekani. Familia ya Carter na Jimmie Rodgers walirekodiwa kwa mara ya kwanza katika mji mmoja, Bristol, mwaka 1927, na mtu mmoja, Ralph Peer. Sahani za Rodgers zilifika hadi Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba, kwa kuandamana na kinubi chao cha jadi, wimbo uitwao Chemirocha, ambalo ndilo jina la Jimmie Rodgers lilivyotamkwa huko. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha alikuwa amegeuka kiumbe nusu mtu nusu paa. Maelezo hayo yanaweza kuhojiwa, kwani Tracey alikuwa mkusanyaji aliyependa masimulizi ya kusisimua. Wimbo wenyewe hauhojiwi. Hakuna mhakiki anayethubutu kuwaita wasichana wale waigaji wa Kimarekani. Huhesabiwa kuwa mafanani wa mapokeo ya Kipsigis, na ndivyo inavyopasa. Basi kwa kigezo gani vijana wa Illinois, waliofikiwa na santuri za kizazi kilekile, wahesabiwe waigaji?

Jibu la kawaida ni kwamba wao walichagua. Walikuwa na sahani nyingine nyingi za kusikiliza, wakaichagua kantri kama mtu anavyochagua vazi. Hoja hii ina nguvu, na baadhi ya bendi zilizowafuata ziliithibitisha kwa kofia na viatu vya wachunga ng'ombe. Hata hivyo inaelekea kusahau kwamba kuchagua ni sehemu ya ufanani. Hata mtambaji wa kijijini huacha ngano nyingi alizozisikia na kuzibakiza chache, na katika hizo chache ndimo msimamo wake unamoonekana.

Uchaguzi wa Uncle Tupelo unaonekana waziwazi katika albamu yao ya tatu. Mwezi Septemba 1991 bendi ya Nirvana ilitoa Nevermind, na makampuni makubwa yakaanza kuzunguka nchi nzima yakitafuta bendi za vijana zenye magitaa ya kelele. Uncle Tupelo walikuwa nazo kelele hizo tayari. Badala ya kuzipeleka sokoni, walikwenda Athens, Georgia, wakarekodi kwa siku tano, tarehe 16 hadi 20 Machi 1992, albamu iliyopewa tarehe hizo kuwa jina lake, ambayo karibu yote ni ya gitaa kavu, banjo na mandolini. Mtayarishaji alikuwa Peter Buck, mpiga gitaa wa R.E.M., bendi iliyokuwa maarufu sana wakati huo. Nusu ya nyimbo ni zao na nusu ni za zamani, na mpangilio hauwabagui watunzi: wimbo wa Farrar hufuatwa na wimbo wa karne nyingine, na msikilizaji asiyesoma jalada hawezi kutambua mpaka uko wapi. Kwa maoni ya makala haya, hiyo ndiyo kazi yao bora.

Miongoni mwa nyimbo za zamani umo ule wa wachimba makaa ya mawe, uliotokana na utunzi wa Sarah Ogan Gunning wa Kentucky, mwanamke aliyezaliwa na kuolewa katika machimbo na kuonja njaa na vifo vilivyotokana nayo. Wimbo huo unaulaani mfumo wa kibepari kwa kuutaja jina. Itakumbukwa kwamba Muungano wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991, na kwamba katika miezi iliyofuata vyuo vingi, vya Afrika Mashariki vikiwamo, vilianza kuona haya kulitamka neno ubepari. Miezi mitatu tu baada ya tukio hilo, vijana watatu wa mji wa viwanda vilivyochoka waliuimba wimbo wa Gunning bila kupunguza ukali wake. Wahakiki waliousifu ukale wa albamu hiyo waliuzungumza zaidi mlio wa banjo kuliko laana hiyo. Huo ni udhaifu wa uhakiki wa fani unaojitenga na maudhui, na haukosekani nyumbani.

Kutambuliwa kulikuja polepole, kwa safari ndefu za gari dogo, magazeti ya wanafunzi na redio za vyuo. Baada ya albamu ya tatu kampuni ya Sire iliwachukua. Heidorn alikuwa ameondoka. Wakaingia Ken Coomer, John Stirratt na Max Johnston, aliyepiga fidla pamoja na ala nyingine za nyuzi. Watu watano hao walirekodi Anodyne huko Austin, Texas, mwaka 1993, wakipiga kwa pamoja studioni bila kupachika sauti juu ya sauti baadaye. Mapema mwaka 1994 Farrar alitangaza kuwa anaacha. Onyesho la mwisho lilifanyika St. Louis tarehe 1 Mei 1994.

Mwaka uliofuata, bendi ikiwa haipo tena, Grant Alden na Peter Blackstock walianzisha jarida wakaliita No Depression. Kutokana na jarida hilo, jina la albamu likawa jina la utanzu mzima, lililotumika sambamba na lile la kantri mbadala. Ni kutokana na jina hilo pia kwamba Uncle Tupelo walifahamika na watu wengi kupita waliopata kuwasikia jukwaani. Isidhaniwe kwamba jarida lilifanya ubaya. Liliandika kwa bidii juu ya wasanii ambao magazeti makubwa hayakuwajali. Lakini jina lina kazi yake lenyewe. Mara baada ya utanzu kupata jina, bendi ilianza kusikilizwa nyumanyuma: banjo na fidla zikasikika, panki ikachukuliwa kuwa ujana uliopita. Albamu ya Still Feel Gone, yenye makelele mengi, ikawa ndiyo inayotajwa kidogo kuliko zote. Fanani alikuwa amesimama juu ya kizingiti, wapokezi wakamwingiza ndani na kufunga mlango.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataitambua hali hii. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alitaka kuhifadhi ufundi uliokuwapo, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alitaka kusema kwa namna iliyomfaa. Majina ya wanamapokeo na wanamabadiliko yalikuja na wahakiki, na wanafunzi wa vizazi vilivyofuata wamefundishwa kumweka kila mshairi katika kambi moja kabla hawajamsoma. Mshairi mwenye vina na mizani anayesema mambo mapya kabisa, na mwenye mashairi huru anayefuata mahadhi ya nyimbo za jando au za kilimo, wote wawili hupoteza kitu katika mgawanyo huo.

Kwa upande wa Belleville, jina lilijaribiwa mapema na matukio. Farrar aliunda Son Volt, akatoa Trace mwaka 1995. Tweedy na wenzake waliobaki waliunda Wilco, wakatoa A.M. mwaka huohuo, na albamu zote mbili zikapangwa katika rafu moja. Mwaka 2001 Wilco waliikabidhi kampuni yao, Reprise, albamu ya Yankee Hotel Foxtrot, yenye milio ya redio na sauti zinazokatika, kampuni ikaikataa. Ilitolewa mwaka 2002 na Nonesuch, kampuni nyingine ya mwajiri yuleyule, ikauzwa kupita zile zilizotangulia. Wapo wapenzi wa utanzu waliolalamika kwamba Tweedy ameyatupa mapokeo. Anayeirudia albamu ya mwaka 1990 ataisikia tabia ileile ya kuanza na gitaa kavu na kuliingizia kelele katikati ya ubeti.