Tamthilia ya Kuangalia na Watoto

Mama mpenzi, baada ya ibada Jumapili moja mama mwenzetu alitushika mkono pembeni akatuuliza kama ipo tamthilia ambayo familia nzima inaweza kuiangalia bila ya mtu kuinamisha macho. Tulimwahidi kumjibu katika ukurasa huu.

Sisi wa Unguja televisheni si ngeni kwetu. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ndugu zetu wa Bara walingoja hadi 1994. Nyumba iliyokuwa na chombo hicho ilijaa majirani mkekani. Hali kadhalika mama zetu walikwenda kuona sinema za Kihindi Cine Afrique, hapa hapa Malindi, na hadithi moja ikazungumzwa wiki nzima wakipepeta mchele. Siku hizi kila mtoto ana simu yake, na pembe yake ya nyumba.

Kwa wadogo jibu ni jepesi. Akili and Me, ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, inamhusu mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Wenye umri wa skuli ya msingi wana Ubongo Kids, iliyoanza 2014, ambayo hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Zote zipo kwa Kiswahili. Mjukuu wa jirani yetu alijifunza kuhesabu humo kabla hajaanza skuli.

Ugumu uko kwa wakubwa, na hapa inatupasa tuungame. Kila wiki sisi tunakaa na wasichana wa kanisani kuwaeleza habari za kuvunja ungo, mimba na maradhi. Kliniki tunayasema hayo hayo kutwa. Lakini binti yetu wa miaka kumi na sita tulikuwa hatujamwambia neno. Tulidhani, kwa kuwa mama ni muuguzi, mtoto atajua mwenyewe.

Usiku mmoja, saa sita imepita, tuliona mwanga chini ya shuka yake. Alikuwa akiangalia tamthilia ya kigeni. Yaliyokuwemo hayakututisha sana. Kilichotutisha ni wepesi wa mkono wake kuificha ile simu. Baba watoto alitaka kumnyang'anya. Tukamwomba asubiri.

Jumamosi iliyofuata tuliiunganisha simu na televisheni kwa waya, tukafungua Siri ya Mtungi. Ni tamthilia ya Kitanzania iliyoanza kuonyeshwa 2012, habari za Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, na mkewe Cheusi. Kiswahili chake kitamu, nyumba na vichochoro vyake utadhani ni vya hapa. Humo mna ndoa inayoyumba, uzazi wa mpango na Ukimwi, kwa hiyo si ya watoto wadogo, na mama usiifungue mbele ya vijana kabla hujaiangalia mwenyewe. Sisi tulitangulia sehemu mbili, usiku, kwa bando la usiku ambalo ni nafuu. (Country Queen ya Kenya, iliyotoka Netflix mwaka 2022, ni nzuri pia kwa habari za ardhi na kampuni ya machimbo, ila ina mambo ya chumbani, hiyo tuiangalie sisi na waume zetu.)

Cheche alipoanza kumdanganya mkewe, baba watoto alikumbuka ghafla kwamba tangi la maji halijafungwa. Akatoka. Tukabaki wawili. Binti akauliza, macho yake kwenye kioo, "Mama, mtu akipata mimba anajuaje?"

Tulitaka kuruka tumuulize, "Wewe vipi?" Mungu alitusaidia tukanyamaza. Tukamweleza kama tunavyomweleza mgonjwa, polepole, bila ya kumtazama usoni. Cheche na Cheusi wakaendelea na mambo yao. Baada ya muda akasema kuwa si yeye, ni mwenzake wa darasani, hajaona siku zake miezi miwili na anaogopa kurudi skuli. Alikuwa amekaa na siri hiyo wiki tatu, chini ya shuka ile.

Jumatatu mtoto yule alikuja kliniki na mama yake. Aliyemsindikiza hadi mlangoni ni binti yetu. Yaliyosemwa ndani yanabaki ndani, lakini walitoka wameshikana mikono.

Sehemu iliyofuata ya Siri ya Mtungi bado hatujaiona. Binti anasema tumngoje mwenzake naye aje. Na baba watoto ameshaambiwa kwamba tangi la maji tutalifunga mapema.