Doa Lilikuwa Ndani ya Kamera



Katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, kikundi chetu hapa Lubunga kiliwakabidhi vijana wawili kazi ya kupiga picha kwa kamera moja, ile ya kikundi. Wa kwanza alipiga ndani ya kanisa. Wa pili akaipokea mlangoni, akafuata maandamano juani. Picha za ndani zilipendeza. Za nje zote zilikuwa na doa la kijivu mahali pale pale: katika moja lilitua angani juu ya msalaba, katika nyingine juu ya paji la uso wa mtoto wa Komunyo ya kwanza. Hukumu ikatolewa papo hapo: wa pili ndiye aliyeharibu kamera. Mmoja wetu akaongeza kwa sauti ya chini neno juu ya kabila lake. Hakuna aliyemkemea, hata mimi. Kijana yule hakurudi tena mkutanoni.

Naandika kwa sababu hukumu ile haikuwa ya kweli, na ukweli ungepatikana nyumbani kwa muda wa robo saa.

Zamani kila picha ilipigwa juu ya kipande kipya cha filamu. Vumbi likitua, liliondoka pamoja na kipande hicho. Kamera ya kidijitali ina kihisi, yaani kibamba kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea nuru, nacho ni kimoja kwa picha zote. Chembe ikinasa juu ya kioo kinachokifunika, hutia kivuli chake katika kila picha mpaka iondolewe. Nasi tulikuwa tukibadilisha lenzi kandokando ya barabara, pikipiki zikitupita, au ufukoni tukingoja mtumbwi wa kuvukia mjini.

Tena kivuli hicho hakionekani siku zote. Ndani ya kanisa lenye nuru hafifu, tundu la lenzi hufunguliwa sana, na nuru inayoingia kwa upana hukififisha kivuli hata kisitambulike. Nje juani tundu huwa dogo, na kivuli hukaza. Basi wapiga picha wote wawili walibeba vumbi lile lile. Mmoja alisitiriwa na giza; mwingine alifichuliwa na jua, akalipa peke yake.

Kusafisha kunahitaji subira kuliko ufundi. Kwanza jaribu: weka tundu la lenzi kwenye namba 16, piga picha ya ukuta mweupe, kisha ikuze uitazame pembe kwa pembe. Badilisha lenzi, urudie. Doa likibaki palepale, haliko kwenye lenzi. Ndipo ufunge madirisha, uzime feni, na uhakikishe kwamba betri imejaa, kwa maana ikiisha katikati ya kazi, sehemu za ndani zilizofunguliwa hurudi kwa ghafula na huweza kuharibika. Chagua kwenye menyu sehemu ya kusafisha kihisi, toa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini, upulize kwa mpira wa kupulizia hewa, bila kukigusa kihisi kwa ncha yake. Usipulize kwa kinywa, kwani mate huongeza madoa. Usitumie kopo la hewa iliyoshindiliwa wala pindo la shati. Chembe ikikaidi, kuna vijiti bapa vyenye upana wa kihisi na kiowevu chake maalumu. Asiye navyo asibuni vya pamba, bali ampelekee fundi.

Wapo wanaosema: programu za simu hufuta madoa, ya nini kujisumbua? Sikubaliani nao. Programu hufuta doa la picha ya jana. Picha ya kesho huzaliwa nalo. Ndivyo pia tunavyoombana radhi kwa maneno matamu, huku dharau ikibaki mahali pake, ikingoja uso mwingine wa kutua.

Sisi wa Lubunga hatuhitaji kufundishwa hukumu ya haraka huzaa nini. Mapigano kati ya Wambole na Walengola, yaliyozuka mwaka 2023, yaliua watu na kuwavusha wengi mto, wakawa wakimbizi katika mji wao wenyewe. Katika vikundi vyetu huketi leo watoto wa pande zote mbili. Ukiona kosa lile lile katika kila mtu wa kabila fulani, jiulize kama kosa liko kwao au kwenye jicho linalowatazama. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika sura ya 7 ya Injili ya Mathayo, Bwana anatutaka tuanze na boriti iliyo jichoni mwetu. Hasemi jirani hana kibanzi, bali kwamba hatuwezi kukiona sawasawa kabla ya hapo.

Jioni moja wanne kati yetu tulifanya jaribio la ukuta. Doa lilikuwapo. Tuliubana mpira mara sita, likatoweka. Kesho yake tulikwenda nyumbani kwa kijana yule na picha mbili za ukuta, ya kabla na ya baada. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: «Kwa nini hamkuujaribu ukuta kabla ya kunihukumu mimi?» Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha, naye akasema atafikiri.

Napendekeza basi kila kikundi chenye kamera kichague siku moja ya mwezi, na watu wawili, wa kuipima na kuisafisha mbele ya wenzao. Mali ya wote isiyo na mlinzi hutafutiwa mkosaji siku inapoharibika. Na siku hiyo hiyo, kabla ya kuagana, tuulizane kwa sauti ni nani aliyeacha kuja kwetu, na kwa neno la nani.