Neno la Mhariri: Hakuanza Jana

Kila mara jumba la sanaa jijini Nairobi linapofungua maonyesho ya mtu aliyeanza kuchora au kuchonga uzeeni, kile kijikaratasi cha ukutani huanza na umri wake. Kisha hufuata neno "alijifundisha". Wageni husoma, hustaajabu kidogo, hupita. Nimesimama mbele ya vijikaratasi vya aina hiyo mara nyingi mno, na toleo hili limetokana na uchungu nilioondoka nao. Alijifundisha nini hasa? Na mikono yake ilikuwa ikifanya nini miaka yote hiyo kabla hatujaitambua?

Jibu langu liko Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii. Huko wanaume huchimba mawe ya sabuni kwa jembe na mtaimbo katika mashimo ambayo kingo zake zimewahi kuporomokea watu. Jiwe hukatwa kwa msumeno, huchongwa kwa panga na kisu, kwa kuwa ni laini. Kazi hiyo mtoto wa kiume huipokea kutoka kwa baba au babu yake, naye akikua huitwa mchongaji. Baada ya hapo jiwe huhamia kwa wanawake. Wao huketi na karai la maji, wakalisugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha wa wastani, kisha ule mwororo kabisa, mpaka rangi yake halisi ijitokeze: nyeupe, waridi, kijivu, au ile yenye michirizi kama moshi. Halafu huja nta na kitambaa. Viboko, sahani na sanamu za familia zilizokumbatiana zinazotoka Tabaka zikiwa zinang'aa kwa kawaida zimepitia mikononi mwao.

Mwanamke aliyesugua mawe tangu usichana anazijua nyufa kabla hazijaonekana. Anajua shingo ipi ni nyembamba kupita kiasi, na mkunjo upi mchongaji aliuharakisha. Vidole vyake vimepita juu ya maelfu ya maumbo. Sasa tuseme anafika miaka 65, watoto wameondoka, anaokota kipande kilichobaki chini ya mgomba na kuchonga kitu chake mwenyewe. Tutamwandikia "alianza uzeeni, alijifundisha". Maneno hayo yatafuta zaidi ya miaka 40 ya shule aliyosomea karaini.

Australia walikutana na jambo hilihili. Emily Kame Kngwarreye, mwanamke wa jamii ya Anmatyerre, alianza kuchora kwa rangi kwenye turubai mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa na umri unaokadiriwa kuwa karibu miaka 80. Alifariki mwaka 1996, na katika muda huo mfupi alikuwa ameacha maelfu ya michoro. Magazeti yalishangaa. Lakini tangu zamani alikuwa akichora miili ya wanawake wenzake katika sherehe za nchi yao, na kabla ya turubai alikuwa ametia nta na rangi kwenye vitambaa vya batiki. Jipya kwake lilikuwa turubai tu.

Hapa Kenya tulikuwa na Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928. Huyu hakujifundisha: alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa. Namleta kwa sababu ya pengo lililofuata. Alirudi nyumbani, akafundisha shule ya msingi, akalea, na kwa zaidi ya miaka 30 sanaa ikakaa pembeni. Aliporejea kwa nguvu alikuwa anakaribia miaka 60, na rangi zilikuwa ghali. Basi akachukua makaratasi ya kufungia bidhaa za dukani, akayakata vipande vidogovidogo, akayabandika mpaka yakawa kuku, twiga, wanawake njiani. Mwaka 1990 kazi zake zilitundikwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Ukizitazama unaona jicho la mtu aliyepima unga, sabuni na majani chai kwa miongo mingi. Nyumba na darasa vilimlisha sanaa hata vilipokuwa vinamnyima muda. Hilo la kunyimwa muda tusilipambe. Tulipoteza miaka 30 ya Karuga, na hasara hiyo haina fidia.

Naambiwa na wenzangu kwamba hadithi ya umri huleta watu mlangoni. Ni kweli, huwaleta. Lakini huwafanya wapole mno. Mbele ya kazi ya mzee tunasema "hongera, mama" na kuondoka, hasa huku Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ambako kumkosoa mkubwa ni vigumu. Wachongaji wa Tabaka hawafanyiani hivyo: mguu ukiwa mnene wataambiana mguu ni mnene. Kazi dhaifu ya mtu wa miaka 70 ni kazi dhaifu, na anayeiheshimu ataisema. Makala za toleo hili zimeandikwa kwa moyo huo. Umri wa msanii utaukuta ndani, mahali unapohusika, na hautakuwa sentensi ya kwanza.

Limebaki suala la mahali, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Msanii wa Kisii au Nyamira anayetaka ukuta husafiri kilomita zipatazo 300 hadi Nairobi. Majirani zake hawaendi. Ekee, kile kikapu cha kuwekea ugali wa wimbi kilichosukwa na magokoro, yaani bibi mzee, wa Nyamira, hutundikwa kama pambo kwenye kuta za watu wasiomjua, bila jina lake, huku mjukuu wake akiwa hajawahi kukiona kimewekwa mahali pa kutazamwa.

Sisemi tungoje jumba la sanaa lijengwe. Nyamira imejaa vituo vya kupokelea majani chai. Wakulima hukaa pale wakingoja lori, wakati mwingine mpaka giza liingie, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, mikono ikiwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Ni watazamaji ambao jumba lolote la Nairobi lingewatamani. Tuombe kituo kimoja kwa wiki moja. Kila kazi iandikwe jina la aliyechonga na jina la aliyesugua, kwa herufi za ukubwa mmoja. Paa lipo, benchi lipo, na boriti inayotundikwa mizani inaweza kubeba picha.